Msamaha wa kodi wa Market Street: nani alipata kazi, nani alihama

Mwaka 2011 San Francisco ilikuwa bado haijapona msukosuko wa uchumi wa 2008. Ukosefu wa ajira ulikaribia asilimia 9, na sehemu ya kati ya Market Street, jirani na mtaa maskini wa Tenderloin, ilijaa maduka yaliyofungwa. Twitter, iliyokuwa inakua kwa kasi, ikatishia kuhamia mji jirani wa Brisbane. Meya Ed Lee akaunga mkono msamaha, na madiwani wakaupitisha kwa kura 8 dhidi ya 3: kampuni za eneo hilo zisamehewe kwa miaka 6 kodi ya asilimia 1.5 ya mishahara ya ajira mpya.

Watetezi walikuwa na hoja nzito. Kodi yenyewe ilikuwa mbovu: mwajiri alilipa zaidi kadiri alivyoajiri, na hata hisa walizopewa wafanyakazi zilihesabiwa kama mshahara. Tena, walisema, Twitter ikihama jiji halitapata kitu. Mwaka 2012 kampuni hiyo ikaingia 1355 Market Street, jengo la zamani la biashara ya samani. Zendesk, kampuni ya programu za kuhudumia wateja, nayo ilikuwa imeshafika. Kufikia 2018 ukosefu wa ajira jijini ulikuwa chini ya asilimia 3.

Lakini sifa hiyo siupi msamaha peke yake. Kampuni za teknolojia zilimiminika hata mitaa isiyokuwa na msamaha wowote. Halafu kuna swali la kazi za nani. Mkazi wa Tenderloin anayeishi katika chumba kimoja cha hoteli kuukuu, choo cha kuchangia na wenzake wa ghorofa nzima, hakuitwa kuandika programu. Alichoweza kutarajia ni ulinzi, usafi au kazi ya jikoni. Hata mamantilie na migahawa ya jirani haikuneemeka ilivyotarajiwa, kwa sababu kampuni zililisha watu wao humo humo ndani, bure. Malalamiko yalifika mbali: mwaka 2018 madiwani wawili walipendekeza kupiga marufuku kantini mpya za ofisini.

Kwenye kodi za pango ndiko nilikojifunza zaidi. Wengi walihofia Tenderloin ingefagiliwa. Haikufagiliwa, maana tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 sheria inabana ugeuzaji wa vyumba vile kuwa hoteli za watalii, na majengo mengi yanamilikiwa na mashirika yasiyotafuta faida. Maumivu makubwa yaliupata mtaa wa Mission, ambao haukuwa kwenye mpango. Huko wenye nyumba walitumia sheria ya jimbo la California iitwayo Ellis Act, inayowaruhusu kuondoa wapangaji wote wakitangaza kuacha biashara ya kupangisha. Familia nyingi zenye asili ya Amerika ya Kusini na Kati zilihama, na Desemba 2013 waandamanaji waliopinga hali hiyo wakalizuia basi la wafanyakazi wa Google.

Msamaha uliisha 2019. Twitter yenyewe, sasa X, ikaondoka Market Street mwaka 2024. Ningekuwa diwani, nisingeupinga msamaha kwa sababu ya kodi iliyopotea. Ningeupinga kwa sababu ulipitishwa bila kinga ya wapangaji jiji zima, ilhali mfano wa kinga hiyo ulikuwa pale pale Tenderloin, ng'ambo ya barabara.