Dhahabu Imepatikana, Fundi Amepotea

Jamani, ukiwa Nairobi usikie dhahabu imepatikana mahali, jua fundi wako wa bomba humwoni tena. Wiki ya kwanza ni habari za kwenye simu tu. Wiki ya pili mlinzi wa geti anaomba ruhusa ya siku mbili, ana matanga. Ya tatu, hata kijana wa mkokoteni wa maji yuko Migori anashushwa shimoni kwa kamba, na mtungi wa maji unajibebea wewe mwenyewe hadi orofa ya tano, mwenye nyumba akikutazama kama sinema.

Na huko chini anafuata nini? Mwamba wenye gramu 5 za dhahabu kwa tani huhesabiwa mzuri. Tani ni kilo 1,000 za mawe ya kugongwa kwa nyundo na kuvutwa juu ndoo kwa ndoo. Gramu 5 za dhahabu, kwa ukubwa, ni kama punje moja ya mahindi. Punje! Nayo si yake peke yake: mwenye shamba ana fungu, mwenye shimo ana fungu, mwenye kinu cha kusagia anataka zake. Huyu wa kinu ndiye mjanja, kwa sababu mchanga uliokwisha kuoshwa unabaki kwake, bado una dhahabu, na baadaye unatiwa kemikali ya sayanaidi kuitoa. Mjanja wa pili ni mama wa chapati.

Unga wa mawe hupitishwa na maji juu ya ubao ulioinama, uliotandikwa zulia kuukuu. Dhahabu ni nzito, inanasa kwenye manyoya. Zulia linasuuzwa kwenye karai, dhahabu inatiwa zebaki, inakandwa kwa mikono mitupu kama unga wa mandazi, inakamuliwa kwa kitambaa, kisha donge linachomwa. Zebaki huchemka kwenye nyuzi 357, inapaa moja kwa moja hadi mapafuni mwa anayepuliza moto. Na kuna wanaochomea jikoni, watoto wakingoja chai! Mvua nayo ikijaza shimo, mtu anateremsha pampu ya petroli humo humo ndani. Moshi wake hauna pa kutokea. Unaua kimya kuliko hata udongo unaoporomoka.

Si mambo mapya haya. Mwaka 1931 Mmarekani mmoja, mkulima wa Turbo, alipata dhahabu Kakamega, wazungu wakamiminika na mahema yao. Serikali ya kikoloni ilikuwa imepitisha sheria mwaka 1930 kwamba ardhi ya Waafrika ni yao milele, na ikichukuliwa watafidiwa kwa ardhi nyingine. Mwaka 1932 ikairekebisha ili machimbo yasingoje fidia ya ardhi. Milele ilidumu miaka miwili. Mgodi wa Rosterman, huko huko Kakamega, ulifungwa 1952, jina likabaki kwa mtaa.

Sisi wa Nairobi hatuchimbi, tuna suti na dhahabu bandia. Mgeni anaonyeshwa masanduku, anaambiwa achague kipande kikapimwe, na kwa muujiza anachagua kile kimoja cha kweli. Kisha zinaanza: ada ya ghala, bima, ushuru, ndege. Kumbe kikombe cha maji chenye vipimo kingemwokoa! Kilo moja ya dhahabu hupandisha maji mililita 52 tu. Kilo ya shaba nyeupe iliyopakwa rangi hupandisha kama 118. Ila mwenye suti hataki maji karibu na mali yake, anasema itapata kutu. Dhahabu, kutu!

Halafu uzito. Dhahabu ya kujaza mtungi wa lita 20 ni kilo 386. Sasa unamwona jamaa Kilimani anashuka garini na sanduku la ukubwa huo kwa mkono mmoja, simu mkono wa pili, anapanda ngazi akipiga mluzi. Mtu mwenye nguvu hizo dhahabu ya nini? Aje mtaani kwetu, kuna mitungi inamngoja orofa ya tano.