Bwege wa Kilwa na suala la jezi

Juzi kijiweni hapa Mikindani kahawa ndo kwanza inamiminwa, jamaa mmoja akasema eti wabunge wa vyama vidogo wanaendaga Dodoma kula posho na kuchekesha watu tu, akamtolea mfano Bwege. Nikamwambia ndugu yangu, hapo sikubaliani na wewe.

Selemani Bungara, ndo huyo Bwege, kakaa bungeni miaka kumi, 2010 mpaka 2020, Kilwa Kusini kwa tiketi ya CUF. Kuchekesha alichekesha kweli, na jina lile hakulikimbia (we mtu akikuita bwege si mnashikana mashati). Ila nambie, mbunge wa chama kidogo ana nini mkononi? Bajeti hawezi kuizuia, kura za ndiyo zimeshamzidi kabla hajakaa kwenye kiti, kilichobaki ni mdomo. Mnakumbuka 2018, ile hela ya ushuru wa korosho zinazoenda nje iliyokuwa inarudi kwenye zao ikachukuliwa yote mfuko mkuu, wabunge wa kusini walipiga kelele mpaka wengine wa CCM wenyewe, na bado ikapita! Sasa unamlaumu vipi mtu wa CUF?

Kinachoniuma mimi ni hii habari ya jezi, yaani chama. CUF ikapasuka, huku mwenyekiti Lipumba huku katibu mkuu Maalim Seif, 2019 mahakama ikampa Lipumba uenyekiti, Maalim akahamia chama cha ACT, na mbunge aliyekuwa upande wa Maalim afanyeje? Akihama tu ubunge umekwenda, katiba ndo inasema hivyo. Bwege kasubiri mpaka bunge linafika mwisho 2020 ndo kaenda kugombea na ACT, akaanguka. Mgombea binafsi hatuna, marehemu Mtikila, yule mwanasiasa wa upinzani, kahangaika na kesi hiyo miaka na miaka mpaka Mahakama ya Afrika ikampa haki 2013, na mpaka leo bila chama hugombei hata udiwani.

Halafu mwaka huohuo 2020 wapinzani wamefagiliwa karibu Bara nzima, hapa jirani Mtwara Vijijini watu wakampa Shamsia Mtamba, tena CUF ileile. Yaani huku kusini tunaangalia mtu jamani, jezi baadaye.

Jamaa akanywa kahawa yake akasema, mbona hata hao wa kijani, CCM, midomo wanayo, sema hawaitumii. Hapo sikumbishia.