Daktari Aliyekosea na Karatasi Iliyomkosesha

Mjomba wangu ana kisukari. Alipolazwa katika hospitali moja hapa Nakuru, daktari mwanagenzi alimwandikia insulini yuniti 10 kwa kifupi, "10U". Ile U ilijifunga kwa juu ikafanana na sifuri, na usiku muuguzi akasoma 100. Nilikuwa nimeruhusiwa kukesha naye. Nilimwona muuguzi akivuta dawa hadi bomba la sindano likajaa pomoni, kisha akasita. Bomba la insulini la mililita 1 hubeba yuniti 100 kamili, na kujaa kule ndiko kulikomshtua. Alirudi kuuliza. Mjomba yu hai.

Asubuhi, kwenye raundi, kijana yule alifokewa mbele ya wodi nzima. Aliomba radhi, macho chini. Siku 2 baadaye nikaona karatasi ya mgonjwa wa kitanda cha jirani: mwandiko mwingine, U ileile.

Tangu hapo nimewaelewa wanaotaka wanafunzi wa udaktari, wawe Eldoret, Maseno au hapa kwetu Egerton, wazoeshwe kuuchunguza mfumo mzima mgonjwa anapodhurika, wasiishie kwenye mkono wa mwisho ulioshika sindano. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa kulifundisha somo hili, la usalama wa mgonjwa, mwaka 2011.

Wanaolitilia shaka wana hoja. Mkenya amechoshwa na neno "mfumo". Ndilo analoambiwa kila anaporudishwa nyumbani bila huduma. Familia iliyotoka kuzika itauliza nani alikosea, na ina haki ya kujibiwa. Tena mwanagenzi ndiye mdogo kuliko wote wodini. Atabadilisha nini?

Lakini kumbukeni kisa cha Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta mwaka 2018, mgonjwa asiyehitaji upasuaji alipopasuliwa kichwa badala ya mwenzake mwenye damu iliyoganda kichwani. Daktari, wauguzi na mtaalamu wa nusukaputi walisimamishwa kazi. Sasa ifuateni njia aliyopitia mgonjwa yule. Alitoka wodini, akapokewa mlangoni mwa chumba cha upasuaji, akalazwa mezani, akatiwa usingizi. Kila kituo kilikuwa na mtu, na kila mtu aliliamini jina alilolikuta. Kosa liligunduliwa saa kadhaa baadaye, damu iliyoganda ilipotafutwa ikakosekana. Ukimwadhibu mmoja, vituo vile vingine vinabaki vilivyokuwa.

Kuna takwimu isiyoniondoka akilini. Mwaka 2009 yalitolewa matokeo ya utafiti katika hospitali za miji 8 duniani, Ifakara ya Tanzania ikiwemo. Kabla ya kisu kugusa ngozi, timu ilisimama ikataja kwa sauti jina la mgonjwa, upasuaji wenyewe na mahali pa kupasua. Vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Katika kila wagonjwa 1,000, ni watu 7 waliorudi kwao. Kilichoongezwa kilikuwa karatasi yenye orodha ya mambo ya kuhakikisha, na dakika chache za kusemezana.

Kweli, jimbo la Ontario, Kanada, lilipoipeleka karatasi hiyo katika hospitali 101, utafiti wa 2014 haukuona vifo vikipungua kwa kiasi cha kuaminika. Wapinzani huishika hoja hii. Mimi naiona inaunga mkono mafunzo: karatasi iliyoletwa kwa amri hutiwa alama tu, na asiyeelewa kwa nini anasimama hatasimama kwa moyo.

Wala somo hili halimkingi mzembe. Anayetoroka zamu kwenda kliniki yake binafsi aadhibiwe. Yule kijana wetu hakutoroka. Aliandika kama alivyoona wakubwa wake wakiandika, kwenye karatasi isiyo na neno "yuniti" lililochapishwa tayari. Mwanagenzi hawezi kuagiza karatasi mpya, lakini anaweza kuliandika neno zima, na kuuliza kwenye raundi kwa nini wengine hawaliandiki.

Muuguzi aliyesita hakuwepo raundi ile. Zamu yake ilikuwa imekwisha. Hakuna aliyemuuliza aliona nini. Yeye ndiye ningependa asimamishwe mbele ya darasa, na bomba lile likiwa limejaa mkononi.