Mwezi ukiisha nakulipa fundi

Jamani mwaka wa 14 huu natengeneza boti za watu na mwenyewe sina hata kasia. Nina pikipiki, boksi la spana, ndoo ya rezini na mgongo unaouma, hiyo ndo ofisi yangu nzima, leo iko Kunduchi kesho Mbweni keshokutwa Bagamoyo. Ukiniuliza duka lako liko wapi fundi nami nakuuliza we umekwama wapi.

Halafu kuna watu wakipita ufukweni wananiambia fundi unafaidi, upepo wa bure, kazi kama utalii. Utalii gani huo wa kulala chali chini ya boti mchanga umejaa masikioni? Fundi gari akishindwa leo anafunga boneti anaenda kulala, gari atalikuta. Mi boti ikishakaa chini maji yametoka nina masaa machache tu kabla bahari haijarudi kuchukua mali yake, na haina mambo ya subiri kidogo fundi anamalizia. Siku za bamvua ndo usiseme, kupwa na kujaa vinapishana zaidi ya mita 3, asubuhi unatembea mpaka kule boti ilipolala mchana palepale mtu anazama.

Juzi niko Mbweni napiga kiraka faiba. Nimeanza saa 4 maji yako mbali huko, nikakwangua, nikapiga msasa, nikakata mati yangu, kile kitambaa cha faiba, vizuri, nikachanganya rezini na hadina, dawa ya kuigandisha. Sasa jua la pale halina huruma, ukizidisha hadina matone mawili tu kopo linaanza kupata moto mkononi, unaligeuza hivi unaona limeshakuwa jiwe na brashi imo humohumo imesimama kama mshumaa. Brashi ya tatu hiyo. Nachanganya upya maji yameshanifika vifundoni, tajiri mwenye chombo kakaa kivulini anakula muhogo ananipigia kelele "Fundi, bado tu?" Sikumjibu, mdomoni nilikuwa nimeng'ata mkasi.

Ila hayo ya maji nimeyazoea. Kinachonizeesha ni mwezi.

Wateja wangu wengi ni wa dagaa, na dagaa wanavuliwa kwa taa, na taa inahitaji giza. Mwezi ukipevuka bahari yote nyeupe, dagaa hawana shida na kitaa chako, kwahiyo wiki nzima na zaidi vyombo vimelala ufukweni. Sasa ona mkosi wangu ulipo. Wakati wa giza wana hela ila hawana muda, mashine inakohoa inatoa moshi kama jiko la kuni lakini utaambiwa fungafunga hivyohivyo fundi tuwahi, tukirudi utaiangalia. Mbalamwezi ikiingia muda wanao, tena mwingi, wanashona nyavu wanacheza bao, wananiita fundi njoo sasa uitengeneze vizuri kwa nafasi. Naitengeneza vizuri kwa nafasi. Nikinyoosha mkono naambiwa si unaona mwenyewe fundi, mwezi huo. Mwezi ukiisha tu nakulipa.

Na mwenye nyumba wangu naye anasema hivyohivyo, mwezi ukiisha nataka kodi yangu. Ila wake ni wa kwenye kalenda wao wa juu angani, na hiyo miezi miwili haijawahi kukutana hata siku moja, wa juu una siku 29 na nusu wa kalenda 30 na 31, we ulishaona mwezi mpevu unajali tarehe? Katikati yao niko mimi.

Siku hela ikipatikana sasa uje kwenye mgao. Dagaa wakishauzwa wanatoa kwanza mafuta, oil, msosi, kinachobaki kinagawanywa, fungu la chombo, fungu la mabaharia, la nahodha. Fundi fungu lake liko wapi? Nikimfuata tajiri ananiambia hiyo ni gharama ya safari, kamuone nahodha. Nahodha anasema mashine ya nani kwani, si ya tajiri? Nimetembea hiyo njia mpaka nimeota sugu. Mwisho wananipa ndoo ya dagaa. Nafika nayo nyumbani mama watoto anaiangalia ananiangalia, "Na luku tutanunua kwa dagaa?"

Simu nazo. Saa 10 usiku simu inaita, upepo tu, halafu mtu anapiga yowe mashine imezima tuko nje ya Mbudya. Nauliza petroli ipo? Ipo. Plagi umecheki? Nimecheki. Inawaka kidogo halafu inazima? Eee hivyohivyo fundi. Nikamwambia shika kifuniko cha tenki pale juu kuna kiskrubu cha hewa, kifungue. Kimya. Nikasikia tenki linavuta pumzi pyuuu mpaka kwenye simu, mashine ikawaka, simu ikakatwa. Hata ahsante. Hapo mi macho yameshatoka usingizi, na hiyo huduma siwezi kuidai kwa sababu eti ulikuwa kitandani fundi.

Kiskrubu hichohicho kilinipeleka Bagamoyo mwaka juzi, mafuta yangu, nikafika nikakizungusha, mashine ikaunguruma, mzee wa watu akaniambia yani hiyo ndo elfu 20? Toka siku ile nimejifunza. Siku hizi nikishaujua ugonjwa nanyamaza, kwanza nafungua kava, naguna. Nachomoa plagi nainusa. Namwambia dogo nimulikie tochi hapa, mchana kweupe. Natikisa kichwa nasema duh hii mngechelewa kidogo tu. Baada ya dakika 40 ndo nagusa kiskrubu, na watu wanalipa bila maneno. Niliwahi kuiungamia hii kwa fundi mwenzangu akacheka akaniambia yeye huwa anaongeza na kulala chini kabisa.

Na ukitengeneza vizuri ni kosa pia. Mashine ikipona mwaka mzima humuoni mtu hata salamu, ila nanga ikipotea, wavu ukichanika, utasikia toka yule fundi aishike hii boti haijatulia. Kuna jamaa nilimwekea pini ya propela, zile mashine ndogo za zamani, pini inatakiwa ikatike ukigonga mwamba ili gia zipone. Ikakatika kama inavyotakiwa. Akaona pini yangu dhaifu, akaweka msumari. Akagonga tena, msumari ukakaa imara kabisa, zikakatika gia. Na lawama kwangu, eti ningeweka msumari toka mwanzo.

Kuwaambia suuzeni mashine kwa maji yasiyo na chumvi mkirudi nimeshachoka. Maji ya kunywa hatuna fundi tuoshee mashine? Haya. Chumvi inakula, mimi naitwa.

Sasa jana pikipiki yenyewe imekufa, njia panda ya Mbweni, boksi la spana nyuma na wateja wawili wananisubiri maji yanarudi. Nikaisukuma mpaka kwa dogo mmoja fundi pikipiki. Akafungua kava. Akaguna. Akachomoa plagi akainusa, akamwita mwenzake amulikie tochi, saa 7 mchana. Nikamwangalia tu sikusema kitu. Baadae akaniambia elfu 35 mzee. Nikamwambia mdogo wangu sina hapa, mwezi ukiisha nakuletea.

Akauliza mwezi huu au ujao?

Nikamnyooshea kidole juu.