Kupaka rangi rimu nyumbani: ugomvi wa kopo na fundi, na swali la tairi

Gari likishaoshwa na bodi ikang'aa, jicho huteremka kwenye rimu, na hapo ndipo umri wa gari hujulikana. Toyota IST iliyotunzwa vizuri inaweza kuwa na bodi isiyo na mkwaruzo, huku rimu zake za inchi 15 zikiwa na mabaka meupe chini ya klia, yaani lile tabaka angavu la juu ya rangi, kingo zilizoliwa na mawe ya pembezoni mwa barabara, na weusi wa vumbi la breki usiotoka kwa sabuni. Mwenye gari anaweza kuziacha hivyo hivyo, kununua nyingine zilizotumika, kuzipeleka kwa fundi rangi, au kununua makopo ya kupuliza na kuifanya kazi mwenyewe uani. Njia hii ya mwisho ina mashabiki, hasa vijana waliojifunza kwa video, na ina wapinzani, hasa mafundi. Mashabiki wanasema ni nafuu na haihitaji elimu kubwa. Mafundi wanasema ni kuchezea gari, kwamba haitapita miezi mingi rangi itakuwa imebanduka. Wote wana hoja, ila naona wanagombea jambo ambalo si kubwa kuliko yote.

Hoja bora ya wanaotetea kopo siyo ile wanayoipenda. Wanapenda kuzungumzia bei. Rimu nne za ukubwa huo zinakula kama makopo mawili ya praima (rangi ya chini ya kushikia), matatu au manne ya rangi na mawili ya klia, kila kopo mililita 400. Ongeza msasa wa namba kadhaa, masking tepu, thina ya kufutia mafuta, na nauli ya kurudi Kariakoo kwa sababu klia imeisha ukiwa kwenye rimu ya tatu. Ukijumlisha yote, unafuu uliokuwa ukiuota unapungua sana.

Hoja yenye uzito ni muda. Kazi ya rimu, sehemu yake kubwa si kupuliza rangi, ni kuandaa. Rimu ninazozizungumzia ni za aloi, yaani mchanganyiko wa aluminiamu, na aluminiamu haioti kutu nyekundu kama chuma, huota unga mweupe. Jiwe dogo likishachubua klia, unyevu wenye chumvi hupenya chini yake na kutambaa kwa vijistari vyembamba, mpaka klia yote ya eneo lile inainuka kama ngozi iliyoungua. Kwa gari la Dar es Salaam, Tanga, Mombasa au Unguja, chumvi hiyo ipo hewani mwaka mzima. Tena magari yetu mengi yametoka Japani, na yale yaliyotumika kaskazini, Hokkaido na Tohoku, yalikwisha kupita majira ya baridi kwenye barabara zinazomwagiwa chumvi ya kuyeyusha barafu. Kuna rimu zinashuka bandarini zikiwa tayari na ugonjwa.

Unga ule mweupe lazima utoke wote. Unaanza na msasa namba 80 au 120 mpaka uione aluminiamu safi, unashuka 240, kisha 400, unafuta mafuta, ndipo praima. Praima ikikauka unaipitia kwa 600 au 800 kabla ya rangi. Kuna matundu ya nati, mikono ya rimu yenye kona za ndani zisizofikiwa na vidole, na kile kijifereji karibu na vali ambacho kila mtu hukisahau. Fundi analipwa kwa kazi, si kwa saa. Gari tatu zinamsubiri kijiweni na mwenye gari anapiga simu kila nusu saa. Msasa ndio unaopunjwa kwanza, kwa sababu hauonekani: rimu iliyosuguliwa nusu na rimu iliyosuguliwa kamili zinang'aa sawasawa siku ya kukabidhiwa. Mtu anayejifanyia rimu zake mwenyewe anaweza kukaa Jumamosi nzima juu ya rimu moja na asione hasara. Huu ndio ubora halisi wa kazi ya nyumbani, na fundi mkweli atakubali.

Upande wa mafundi nao hauna hoja moja tu. Kwanza kuna rangi yenyewe. Makopo mengi yanayouzwa madukani ni ya rangi isiyo na hadena, yaani dawa ya kuigandisha. Inakauka kwa thina kuondoka, basi. Matone ya petroli kituoni au dawa ya kusafishia breki yanaweza kuilainisha hata baada ya mwaka. Chukua kitambaa chenye thina, sugua mahali pasipoonekana: ikitoka kwenye kitambaa, ujue ni ile. Klia yenye hadena huganda kwa kemikali na hairudi nyuma kirahisi hivyo. Fundi mwenye kompresa na bunduki yake ya rangi anachanganya klia hiyo kila siku. Wapo wanaoitengeneza kwenye kopo lenye hadena ndani, unayoifyatua kwa kubonyeza chini, lakini ukishaifyatua una siku moja au mbili tu kabla haijaganda humo humo.

Halafu kuna hewa. Aluminiamu tupu hujifunika kwa utando wa oksaidi mara tu inapokutana na hewa, na rangi ya kawaida haishikani vizuri na utando huo. Ndiyo maana panatakiwa praima ya epoksi au ile yenye tindikali, na ipigwe mapema baada ya msasa. Mtu wa nyumbani husugua jioni, akalala, akapuliza kesho yake wakati ukuta bado una umande. Msimu wa masika hali ni mbaya zaidi: unyevu unaingia kwenye rangi mbichi na klia inatoka na ukungu mweupe. Ukisubiri jua kali la saa nane mchana, rangi inakauka kabla haijajitandaza, na uso unakuwa na chembechembe. Saa nzuri ni chache, na kuku wa jirani hawajui kwamba umemwagia maji ua ili vumbi litulie.

Hoja yao ya tatu ni afya, na hapa nasimama nao, kisha nawageukia. Hadena ya klia ina isosayaneti, kemikali inayojulikana kuleta pumu kwa watu wanaopuliza rangi kwa kazi. Barakoa ya kitambaa au ya vumbi haizuii mvuke wake. Kinachotakiwa ni kofia inayopelekewa hewa safi kwa mpira. Kuipuliza uani kwenye nyumba ya kupanga, watoto wakizunguka na chungu kikiwa jikoni hatua tano pembeni, ni kosa. Dawa za kubabulia rangi nazo ziangaliwe: zile zenye methilini kloraidi Marekani ilizipiga marufuku kuuzwa kwa matumizi ya nyumbani mwaka 2019, kufuatia vifo vya watu waliozitumia mahali pasipo na hewa. Lakini fundi wa kijiweni anayemsema mwenye gari kwa hilo, mara nyingi naye anapuliza klia ileile akiwa amejifunga fulana puani. Hatari haipungui kwa sababu aliyeivuta analipwa.

Ndiyo maana ule mzani wa "nyumbani dhidi ya mtaalamu", tulioukuta kwenye video za Ulaya na Marekani, haukai sawa kwetu. Huko mtaalamu ana chumba cha kupulizia kilichofungwa, chenye feni na vichujio, na mashine ya kutoa tairi pembeni. Kwetu, kwa watu wengi, fundi anayefikika anafanya kazi chini ya mwembe, na vumbi lake ni lilelile la uani kwako. Anachokuzidi ni mkono uliozoea na klia bora. Unachomzidi ni subira.

Swali ambalo pande zote mbili hulikwepa ni hili: tairi limetolewa kwenye rimu au halikutolewa?

Wengi, wa nyumbani na wa kijiweni, hawalitoi. Wanafungua gurudumu, au hata hawafungui, wanachomeka karata kuzunguka ukingo kati ya tairi na rimu, wanafunika kwa magazeti, wanapuliza. Kwa macho kazi inapendeza. Lakini kutu nyeupe inayosumbua zaidi haiko usoni. Iko pale tairi linapokalia, ukingo wa ndani, na ndiyo inayofanya tairi moja lipoteze upepo polepole kila wiki bila msumari wala pancha. Kupaka uso na kuacha pale ni kutibu kikohozi kwa kunyoa ndevu. Na hapo sitofautishi kopo na kompresa: aliyepuliza juu ya karata uani kwake Goba na aliyepuliza juu ya karata gereji ya mjini wamefanya kazi moja.

Wanaopuliza gurudumu likiwa bado garini wana tatizo la ziada, kwa sababu ukungu wa rangi unapita katikati ya mikono ya rimu na kutua kwenye diski na pedi za breki. Sihitaji kueleza zaidi.

Upo pia upande wa pili wa shilingi hiyo, yaani rangi inayowekwa mahali isipotakiwa. Mgongo wa rimu unaolalia habu (kile kitovu cha gari ambacho gurudumu hufungwa), na vile vikombe ambamo nati hukaa, havipakwi. Tabaka la rangi likibanwa pale hubonyea na kumeguka, na nguvu ya nati kuishika rimu hupungua bila nati yenyewe kuzunguka. Toyota nyingi ndogo nati zake hukazwa kwa nyutonimita 103, kipimo ambacho hakitoki kwa kurukia spana kwa mguu. Mtu aliyepaka rimu azifunike sehemu hizo kabla ya kupuliza, kisha akaze tena baada ya kilometa 50 hadi 100. Video nyingi huishia pale rimu inapong'aa, na mafundi wengi hukukabidhi funguo palepale.

Kuna wanaosema suluhisho ni rangi ya pauda: unga unaonyunyizwa kwa umeme kisha kuokwa tanurini. Ni imara kuliko kopo lolote, hilo halina ubishi. Ila inataka joto la nyuzi 180 hadi 200 kwa dakika kumi hadi ishirini, na rimu nyingi za aloi zilipata nguvu zake kiwandani kwa joto: hupashwa zaidi ya nyuzi 500, hupozwa ghafla, kisha hupashwa tena kwa saa kadhaa chini ya nyuzi 200. Kuokwa mara moja kwa kipimo sahihi kwa kawaida si tatizo. Tanuri lililojengwa kwa ajili ya fremu za madirisha, lisilo na kipimajoto cha kuaminika, ambamo rimu inasahauliwa huku geti la mteja mwingine likiokwa, ni jambo jingine. Ningeuliza kabla ya kulipa.

Rimu za chuma hazina mjadala mrefu. Msasa, praima ya kuzuia kutu, rangi nyeusi au ya fedha, na kopo la nyumbani linatosha kabisa. Rimu za kromu ziachwe, kwa kuwa rangi haishiki vizuri juu ya kromu isipotolewa kwanza. Zile zilizochongwa uso kwa mashine zikabaki na mng'ao wa aluminiamu tupu huwezi kuzirudisha kama zilivyokuwa kwa msasa wa mkono. Unaweza tu kuamua ziwe za rangi moja kuanzia sasa. Na rimu yenye ufa au iliyopinda haipakwi na mtu yeyote. Rimu zilizochomelewa kisha kupuliziwa rangi nzuri zipo sokoni, na rangi mpya ndiyo inayoziuza. Kwa anayenunua zilizotumika, mgongo wa rimu usiopakwa una habari nyingi kuliko uso.

Kwa hiyo, kwa rimu ya aloi ambayo ugonjwa wake ni klia tu, naona mgawanyo wa kazi unashinda pande zote mbili. Fundi pancha atoe matairi na baadaye ayarudishe na kubalansi. Kwake ni kazi ya muda mfupi. Msasa ufanye wewe, kwa kuwa ndiwe mwenye subira na ndiwe utakayejua kama kijifereji cha vali kilisafishwa. Praima na klia yenye hadena umpelekee mwenye kompresa.

Baadhi ya mafundi rangi hukataa mpango huu. Wanasema rangi ikibanduka lawama itawaangukia wao ilhali msasa haukuwa wao, na sioni kama wanakosea. Kinachosaidia ni kumpelekea rimu zikiwa bado hazina praima, azikague mwangani, apitishe kitambaa chake mwenyewe chenye thina, na atakaporidhika aseme. Asiporidhika, akuonyeshe mahali kwa kidole, urudi nazo nyumbani na msasa namba 240.