Daktari wa Akili Naye Anahitaji wa Kumsikiliza

Nikirudi Dar, niliosoma nao udaktari huniuliza mshahara kwanza, halafu saa za kazi. Nasomea ubingwa wa magonjwa ya akili Uingereza, na huku kwa wiki wastani hautakiwi kuzidi saa 48. Ukibaki wodini kupita ratiba, unaandika ripoti, unalipwa au unarudishiwa muda wako. Mwenye mtoto mchanga anaweza kuomba asilimia 60 ya kazi, mafunzo yakarefuka.

Ila ratiba nzuri huvunjika huku pia, maana madaktari hawatoshi. Ninachokithamini zaidi ni saa moja kila wiki ya kuzungumza na msimamizi wangu, mlango umefungwa. Ni sharti la mafunzo, si hisani. Kuna na kikundi cha Balint, utaratibu ulioanzia London miaka ya 1950 kwa Michael na Enid Balint: unawasimulia wenzako mgonjwa anayekukosesha usingizi, na hakuna anayekuuliza dozi. Mgonjwa niliyekuwa nikimhudumia alipojiua, msimamizi alinitoa kliniki siku ileile, tukakaa tukaongea.

Hospitali niliyofanyia kazi nyumbani, kifo kama hicho kilipita kwenye ripoti ya asubuhi: umri, dawa, saa aliyokutwa, haya, mgonjwa anayefuata. Mwenzangu alilia chooni kisha akaendelea na raundi. Tulimwambia ajikaze. Na huyo alikuwa analipa ada ya ubingwa huku anakesha zamu!

Sisemi Ulaya ni peponi. Malezi ya mtoto yanakula mshahara, na zamu ya usiku ikiisha hakuna anayekusubiri na chai. Nyumbani shangazi ameshamlisha mtoto, jirani amempeleka shule. Ndugu wanawabeba madaktari wetu kuliko sheria yoyote ya kazi. Lakini shangazi huwezi kumwambia siri za mgonjwa, na siri hizo ndizo zinazomlemea daktari wa akili. Kwa hiyo anarudi kwenye nyumba iliyojaa watu na hana wa kuongea naye.

Kupunguza zamu kunataka ajira mpya, na ajira zinataka bajeti. Saa moja ya wiki inataka bingwa, chumba, na simu zilizozimwa. Najua mabingwa ni wachache mno. Basi wanafunzi wakae sita kwa pamoja. Walimu wetu wa Dar na Dodoma, mkianzisha kikundi hicho, mimi nitajiunga kwa video kila wiki nisaidie kukiendesha.