Modeli 7 kati ya 40: tuhesabu kura au tupime ubora?

Mwaka 2017 watafiti wakiongozwa na Giovanni Sgubin walipitia modeli 40 za tabianchi, yaani programu za kompyuta zinazoiga hali ya hewa na bahari, wakitafuta jambo moja: dunia ikiendelea kupata joto karne hii, je, kuna sehemu ya Atlantiki ya Kaskazini itakayopoa ghafla? Katika modeli 7, maji ya kusini mwa Greenland yalipoteza nyuzi 2 hadi 3 kwa muda wa takriban miaka 10, bila mfumo mzima wa mikondo ya Atlantiki kusambaratika. Hiyo ni asilimia 17.5. Walipobakiza modeli 11 zinazoonyesha vizuri zaidi jinsi maji ya eneo hilo yalivyojipanga tabaka juu ya tabaka, 5 zilitoa jibu hilohilo, yaani asilimia 45.5. Kazi ni moja, namba ni mbili, na hapo ndipo ubishi ulipo.

Kwanza tuone kinachozunguka. Kati ya Labrador (pwani ya mashariki ya Kanada), Greenland na Iceland, mikondo huzunguka kinyume cha saa. Wakati wa baridi kali, upepo kutoka Kanada hupoza maji ya juu ya Bahari ya Labrador hadi yanakuwa mazito na kuzama, na miaka ya mwanzo ya 1990 yalizama zaidi ya mita 2,000. Maji mazito yakijaa katikati, uso wa bahari hapo hushuka kidogo na mikondo ya pembeni hukaza mwendo. Mikondo hiyo nayo huleta maji yenye joto na chumvi kutoka kusini, chumvi huongeza uzito, na uzito huendeleza kuzama. Mzunguko unajilisha wenyewe. Lakini mrejesho huohuo hufanya kazi pia kwa upande wa pili: maji yasiyo na chumvi, ya mvua na ya barafu iliyoyeyuka, yakitanda juu, kuzama hukoma, mikondo hulegea, joto na chumvi hupungua, na kuanza upya kunazidi kuwa kugumu.

Wanaoitilia shaka ile asilimia 45.5 wana hoja nzito. Modeli 11 ni chache mno kutolea asilimia, tena taasisi hurithishana programu, kwa hiyo modeli mbili zinazokubaliana si lazima ziwe mashahidi wawili. Kisha kuna ukubwa wa vipande vya hesabu, yaani vile ambavyo modeli huigawa bahari ili kuihesabu. Katika modeli nyingi za kizazi kile, kipande kimoja cha bahari kina upana wa karibu kilomita 100, ilhali vizingia (mizunguko midogo ya maji) vinavyochomoka kwenye mkondo wa magharibi mwa Greenland na kuingiza joto na chumvi katikati ya Labrador havizidi makumi machache ya kilomita. Modeli haivioni, inavikadiria kwa kanuni. Vipimo vya OSNAP, mradi unaopima mikondo ya Atlantiki ya Kaskazini, vilivyotolewa mwaka 2019 vilileta swali jingine: sehemu kubwa ya maji ya Atlantiki yanayogeuka kuwa mazito hupata uzito huo mashariki mwa Greenland, wala si Labrador ambako modeli nyingi zilikuwa zimetia mkazo.

Hata hivyo, kuna tukio ambalo si la kompyuta. Mwishoni mwa miaka ya 1960 maji yenye chumvi kidogo kutoka Aktiki yaliingia Labrador. Huko kulikuwa na kituo cha meli za vipimo kilichoitwa Bravo, na rekodi zake zinaonyesha tabaka jepesi likikaa juu ya uso wa bahari na kuzama kwa kina kukikoma kwa majira kadhaa ya baridi mfululizo, hadi baridi kali ya 1972 ilipofungua tena. Mwenye shaka atasema: ilifunguka yenyewe. Ni kweli. Lakini ilihitaji baridi isiyo ya kawaida, na baridi za namna hiyo ndizo tunazozipunguza kila mwaka tunapochoma mafuta.

Mimi naegemea upande wa wale wanaopima ubora, kwa sharti moja: ile 45.5 isisomwe kama utabiri. Inatuambia kwamba modeli zilizopangilia vizuri tabaka za leo zina wepesi zaidi wa kuvuka ukingo, yaani kiwango ambacho kikipitwa kuzama kwa maji hukoma, basi. Kukataa kuchuja modeli ni hatari zaidi, na sisi Afrika Mashariki tunalijua hilo kwa gharama: modeli nyingi zinatabiri masika yenye mvua zaidi, huku vipimo tangu miaka ya 1980 vikionyesha miongo ambayo masika yalipungua. Wastani wa modeli zote haumsaidii mkulima wa Kitui kuamua kama apande mahindi au mtama.

Katika tathmini ya mwaka 2022, David Armstrong McKay na wenzake waliweka ukingo wa kuzama kwa maji ya Labrador na ya Bahari ya Irminger, mashariki mwa Greenland, kwenye ongezeko la joto la nyuzi 1.8 tangu kabla ya enzi ya viwanda, lakini wakaacha nafasi kuanzia 1.1 hadi 3.8. Dunia tayari imeshapita 1.1. Upana huo hautapungua kwa kuongeza modeli zenye kasoro zilezile. Utapungua kwa vipande vidogo zaidi vya hesabu, na kwa kufuatilia chumvi ya mita mia chache za juu za Labrador kila msimu. Maboya ya Argo hushuka mita 2,000 na kupanda tena kila baada ya siku 10 yakipima joto na chumvi, na fedha za kuyaendeleza zisiwe jambo la kuombwa upya kila bajeti.